UZI: Rangi ya kuku haiji kwa kununua jogoo mzuri peke yake. Tuongee milia, kijivu, pindo na kanga

MFUGAJI WA PONGWE (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum na habari za jioni, wafugaji wenzangu.

Mimi niko Pongwe, ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya Muheza. Nafuga kienyeji, kuchi (wale warefu wa shingo ndefu) na chotara wachache. Nafungua uzi huu kwa sababu kila mara napigiwa simu na mtu aliyenunua jogoo wa rangi nzuri, kamweka na matetea wake, halafu vifaranga wametoka rangi ambayo hakuitarajia. Wa kwanza kulaumiwa ni muuzaji. Wa pili ni jogoo wa jirani. Nami nilipita njia hiyo hiyo na ikanigharimu ukoo mzima wa kuku, kwa hiyo nivumilieni niandike kirefu.

Miaka sita iliyopita nilipata jogoo wa kijivu, ule ujivu wa wingu la masika, pamoja na matetea wawili wa rangi hiyo hiyo, kwa mfugaji mmoja wa upande wa Mkinga. Niliwajengea banda lao mbali na wengine. Wakatotoa vifaranga 22. Kijivu 11, weusi 6, na wengine 5 weupe wenye michirizi ya majivu kama mtu aliyekung'utiwa jivu la jikoni. Nikaamini nimeuziwa mchanganyiko. Nilimpigia yule bwana nikamwambia maneno ambayo hadi leo yananiuma. Wale weusi na wale weupe nikawapeleka soko la Mgandini wakauzwa kama kitoweo.

Yule bwana hakuwa na kosa hata chembe. Hesabu ile ndivyo inavyotakiwa kutoka. Kijivu ni weusi uliopunguzwa. Iko jeni moja, yaani chembe ya urithi, inayoupunguza weusi. Kuku aliyeipata kwa mzazi mmoja anakuwa kijivu. Aliyeipata kwa wazazi wote wawili anapunguzwa zaidi, anakuwa yule mweupe wa michirizi. Asiyeipata kabisa ni mweusi. Basi ukipandisha kijivu kwa kijivu, robo watatoka weusi, nusu kijivu, robo weupe wa michirizi, na itakuwa hivyo mwaka hadi mwaka hata ukichagua kijivu tu kwa miaka ishirini.

Na hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Ukimchukua yule mweupe wa michirizi ukampandisha na mweusi, kila kifaranga anatoka kijivu. Wote. Mimi mtaji huo niliuuza Mgandini ukaliwa na ubwabwa.

Tangu hapo nikaanza kusoma, kuuliza na kuandika. Nililojifunza kubwa ni hili: kuku unayemwona kwa macho ni nusu ya habari. Nusu nyingine imelala ndani yake, na utaijua kwa watoto wake tu, kama umeandika nani kazaa na nani.

Kuku ana wino wa aina mbili: mweusi, na mwekundu ambao ukififia tunauita dhahabu au maziwa. Weupe ni wino kukosekana au kuzuiwa. Mengine yote, milia, madoa, pindo, ni namna wino huo unavyogawanywa juu ya unyoya. Ukilishika hilo hutachanganyikiwa ukikuta kuku wa rangi kumi uani.

Halafu kuna tatizo la maneno. Huku kwetu mtu akisema "kuku wa kanga" anaweza kumaanisha kuku wa aina tatu tofauti kabisa, na kila mmoja anarithisha kwa njia yake. Mimi nayatenganisha hivi:

Milia ni unyoya uliokatwa mistari ya kupita, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Kanga ni unyoya wa rangi wenye doa jeupe nchani, kama kanga wa porini kwa mbali. Pindo ni unyoya wenye mji wa rangi moja na ukingo wa rangi nyingine kuuzunguka, sawasawa na leso ilivyo na mji na pindo.

Kwenu mnaitaje? Na mmekwama wapi? Tuelezane.

MAMA VIFARANGA, NGAMIANI

Ahsante sana kaka. Mimi nina swali linalonisumbua. Nilikuwa na jogoo mweupe pepe, tetea naye mweupe pepe. Vifaranga wakatoka wa kila rangi, mpaka mwekundu. Jogoo mwingine pale nyumbani hayupo, na ukuta wangu ni mrefu. Watu wa barabara nzima wamenicheka. Hii imekaaje?

MFUGAJI WA PONGWE

Pole dada, wala hukuibiwa. Weupe wa kuku upo wa namna mbili zilizo za kawaida, na kwa macho zinafanana.

Wa kwanza ni weupe unaotawala. Huu kazi yake ni kuzuia wino mweusi. Mtoto akiupata hata kwa mzazi mmoja tu, anatoka mweupe, mara nyingi na vidoa vyeusi viwili vitatu. Kuku wengi weupe wa mayai, hao Leghorn, ndio weupe wao. Wino mwekundu hauzuii vizuri, ndiyo maana unakuta jogoo mweupe mwenye mabega mekundu au shingo ya dhahabu.

Wa pili ni weupe unaojificha. Huu lazima utoke kwa baba na kwa mama ndipo uonekane. Silki na Plymouth Rock mweupe wapo kundi hili.

Sasa kama jogoo wako ana weupe unaotawala lakini kwa upande mmoja tu, na tetea ana ule wa kujificha, basi nusu ya watoto watakosa cha baba, na cha mama peke yake hakitoshi. Wanatoka na rangi iliyokuwa imefunikwa chini ya ule weupe. Kuku mweupe ni kama ukuta uliopakwa chokaa; chini ya chokaa kuna rangi ya zamani, na wewe huijui.

Njia ya kupima ni rahisi: mweke jogoo mweupe na tetea mweusi asiye na shaka. Watoto wote wakiwa weupe au wa vidoadoa, ni unaotawala, na anao kwa pande zote mbili. Wakitoka nusu kwa nusu, anao upande mmoja. Wakitoka wenye rangi watupu, ni ule wa kujificha. Vifaranga kumi na wawili wanatosha kukupa picha.

MAMA VIFARANGA, NGAMIANI

Nimeelewa vizuri. Jogoo alikuwa na unyoya mwekundu begani, mmoja tu. Nikawa naung'oa kila ukiota.

MZEE WA MKONGE, KOROGWE

Wanangu, nimewasoma. Naomba niseme kama mtu mzima. Rangi hailiwi. Nimeona vijana wanashika kuku dhaifu, kidole kimepinda, kifua kama wembe, eti kwa sababu ana rangi ya kijivu. Wanampandisha na dada yake, kisha na binti yake. Mwaka wa tatu mayai hayatotoi. Halafu ugonjwa wa kideri unapita mara moja, banda linabaki tupu, hakuna cha milia wala pindo. Tangulizeni afya.

MFUGAJI WA PONGWE

Mzee wangu shikamoo. Uliyosema nayakubali yote, na nilikosea kutoyaweka juu kabisa.

Chanjo ya kideri ya tone la jicho ni kila miezi 3, kwa kila kuku, hata yule asiye na rangi. Na mimi huchagua mara mbili. Mara ya kwanza nachagua mwili: anatembea vizuri, miguu imenyooka, mama yake anataga, hakuugua vifaranga wenzake walipougua. Waliobaki ndio ninaowaangalia rangi. Ukianza na rangi, utajikuta unasamehe vilema.

Lakini mzee, niruhusu nitetee rangi nayo. Soko letu linalipa rangi, na wewe unalijua. Yupo anayekuja Pongwe kutafuta jogoo mweusi tii, asiye na unyoya mweupe hata mmoja, na yuko tayari kuongeza pesa. Sababu zake anazijua yeye. Yupo anayetaka mweupe. Wapenzi wa kuchi wao wanalipa umbo na rangi pamoja. Mjane anayefuga matetea kumi, akijua namna ya kutoa weusi tii kila mara, ana jambo la kumsomeshea mtoto. Sioni kama ni mchezo.

MZEE WA MKONGE, KOROGWE

Marahaba. Hapo sawa. Endelea.

PORA WA DUGA

Wakuu, mimi ni mgeni kwenye ufugaji. Nina tetea mmoja wa milia, amenyooka kweli, na jogoo kuchi mweusi. Tangu jana huyo tetea amelalia mayai 12. Je, nitegemee vifaranga wa milia? Natamani sana matetea wa milia kama mama yao.

MFUGAJI WA PONGWE

Mdogo wangu, umeuliza swali zuri kuliko yote, na jibu litakushangaza. Mapora, yaani majogoo wachanga, watatoka wa milia wote. Matetea hatatoka hata mmoja.

Sababu ni hii. Kwa binadamu mwanamume ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsia zisizofanana. Kwa kuku ni kinyume: jogoo ana Z mbili, tetea ana Z moja na W moja. Jeni ya milia imekaa juu ya Z. Tetea wako Z yake moja anampa kila mtoto wa kiume. Mtoto wa kike anapewa W, na W haina milia. Kwa hiyo tetea hurithi milia kwa baba, kamwe si kwa mama. Watu wengi wanatafuta tetea mzuri wa milia ili wapate matetea wa milia, na hapo ndipo wanapopoteza mwaka.

Faida yako ni kwamba utajua jinsia siku ya kwanza. Watakapotoka watakuwa weusi wa malaika. Angalia utosini: mwenye kijidoa cheupe au cha njano ni pora, asiye nacho ni tetea. Wafugaji wa nje wametumia ujuzi huu kwa miaka mingi. Ila inafanya kazi kwa kifaranga mweusi. Akiwa mweupe au wa rangi ya mchanga, kijidoa hakionekani.

Usimpoteze pora mzuri wa milia atakayetoka hapo. Huyo ndiye atakayekupa matetea wa milia, nusu ya binti zake.

MWALIMU WA BAIOLOJIA, TANGA

Naongezea kidogo kwa wanaopenda historia. Mwaka 1902 Mwingereza William Bateson alitumia kuku, hasa umbo la upanga wa kichwani, kuonyesha kwamba kanuni alizogundua Mendel kwenye njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia. Na ule mraba wa Punnett tunaouchora ubaoni kidato cha nne, mwenyewe Punnett alikuwa mtu wa kuku. Alitumia hiyo hiyo milia ya Plymouth Rock kutengeneza kuku wa Cambar huko Cambridge, ambao kila kizazi unajua jike na dume kwa malaika tu. Kwa hiyo anachokieleza Mfugaji wa Pongwe kimepimwa miaka mingi sana. Wanafunzi wangu nikiwachorea maua ya njegere wanasinzia; nikiwachorea kuku wa nyumbani kwao wanaamka.

SHAMBANI MUHEZA

Swali la haraka. Nina kuku chotara, Sasso na Kuroiler. Nikichagua wale wa rangi nzuri nikawapandisha wenyewe kwa wenyewe, nitapata ukoo?

MFUGAJI WA PONGWE

Hutapata haraka. Hao wametengenezwa kwa kukutanisha koo mbalimbali, na watoto wao wanatawanyika kwa rangi na kwa uzito. Ukoo utaupata kwa kuchagua vizazi vingi, na mwishoni hawatakuwa tena Sasso. Ukiwa na rangi uliyoipenda kwa mmoja wao, mchukue huyo mmoja umwingize kwenye kienyeji chako kwa mpango, usimfanye ndiye msingi.

Na umewahi kununua vifaranga wa mayai wa kahawia? Majike wanakuja kahawia, madume wanatengwa weupe-weupe wa njano. Hiyo pia ni Z. Baba ana jeni ya dhahabu, mama ana ya fedha, ile inayogeuza dhahabu kuwa nyeupe. Fedha ya mama inaenda kwa madume, na majike wanabaki na dhahabu ya baba. Ukimpandisha Rhode Island Red dume na Sussex mweupe wa shingo nyeusi jike, ndivyo inavyotoka. Ukigeuza, baba fedha na mama dhahabu, vifaranga wote wanatoka fedha na hutatofautisha.

MPENDA KUCHI, BAGAMOYO

Salaam kutoka Bagamoyo. Mimi sitaki kuku mwingine ila kuchi. Nataka kuchi wa milia: urefu ule ule, shingo ile ile, macho yale makali, ila manyoya ya milia. Nimejaribu mara moja nikapata kuku mfupi mwenye milia, nikakata tamaa. Inawezekana?

MFUGAJI WA PONGWE

Inawezekana, na ndiyo kazi niliyo nayo mimi sasa hivi, kwa hiyo nitasema kwa urefu.

Ulikata tamaa mwanzoni kabisa. Mtoto wa kwanza wa kuchi na kienyeji cha milia ni nusu kwa nusu, lazima awe mfupi. Kazi ni kurudisha kuchi, tena na tena, huku unaibeba ile jeni moja ya milia kama mtu anayebeba kaa la moto kwenye kigae.

Anza na tetea wa milia na jogoo kuchi mweusi, kama alivyofanya Pora wa Duga. Mapora wote watakuwa na milia. Chagua mrefu kuliko wote, mpandishe na matetea kuchi. Watoto wa hapo wana robo tatu ya kuchi, na nusu yao, wa kiume na wa kike, wana milia. Wengine wauze. Chagua mrefu tena mwenye milia, mrudishe kwa kuchi wa damu nyingine. Sasa ni saba ya nane. Rudisha tena, ni kumi na tano ya kumi na sita. Hapo hata mjuzi akimshika atasema ni kuchi.

Mwisho, mpandishe dume la milia na jike la milia. Nusu ya mapora watapata milia kwa wazazi wote wawili. Hao utawajua: ni weupe zaidi, mistari myeupe mipana, kwa sababu wana dozi mbili. Jogoo wa namna hiyo binti zake wote ni wa milia hata umpe tetea mweusi. Huyo ndiye jogoo wa kununua kwa bei, ukimpata.

Kuchi wanachelewa kukomaa, kwa hiyo hesabu karibu mwaka kwa kila kizazi. Mimi nipo kizazi cha tatu. Sijafika.

Mambo mawili niliyoyaona kwa gharama. Moja, usitumie kuchi mwekundu. Milia juu ya wekundu inakuwa kama ukungu, haikatiki. Tumia mweusi. Pili, kuku anayeota manyoya polepole ana milia iliyokatwa vizuri kuliko anayeota haraka. Wale Plymouth Rock wa maonyesho wana jeni ya kuchelewa kuota manyoya, nayo pia ipo kwenye Z. Mimi nilikuwa natupa vifaranga waliochelewa kuvaa manyoya nikidhani ni dhaifu, kumbe ndani yao ndimo ilimokuwa ile mistari mizuri.

MPENDA KUCHI, BAGAMOYO

Miaka mitano basi. Naanza vuli hii.

MWANA WA PANGANI

Umeigusa pindo halafu umeipita. Mimi hiyo ndiyo roho yangu. Nimeona picha za kuku wanaoitwa Wyandotte, kila unyoya umezungushiwa wino mweusi kama umeshonwa. Kienyeji chetu tunaweza kukifikisha huko?

MFUGAJI WA PONGWE

Pindo ni kazi ya jeni tatu kukutana kwa kuku mmoja: moja inasafisha weusi mwilini na kuuacha shingoni na mkiani, ya pili inapanga wino katika mistari ndani ya unyoya, ya tatu inaongeza weusi. Ya kupanga ikiwa peke yake utapata mistari myembamba ndani ya unyoya. Zikikutana zote tatu, mistari inasukumwa hadi ukingoni, ndiyo pindo. Milia ni jeni moja, ndiyo maana nasema anayeanza aanze nayo.

Mwingereza Sir John Sebright alianza mapema karne ya 19 kutengeneza kuku wadogo wenye pindo, akachukua miaka mingi, na kuku wanabeba jina lake hadi leo. Wyandotte wa pindo la fedha aliingizwa kwenye vitabu vya viwango vya Marekani mwaka 1883. Kwa hiyo mwenye Wyandotte halisi akikuuzia jogoo, amekuuzia kazi ya vizazi. Ukimpandisha na kienyeji, watoto wa kwanza hawatakuwa na pindo safi. Wapandishe watoto hao kwa wenyewe, totolesha wengi, mia hivi kama una nafasi, utafute wale wachache. Bila mashine ya kutotolesha ni vigumu, nakwambia kweli.

Wewe wa Pangani una subira ya kutosha? Kama unayo, nitakupa mayai.

MWANA WA PANGANI

Ninayo.

MAMA VIFARANGA, NGAMIANI

Kaka, na weusi tii je? Mimi nilipata vifaranga weusi, tumboni weupe na ncha za mbawa nyeupe. Nikawauza nikijua wamechanganyika.

MFUGAJI WA PONGWE

Eeh dada, hilo linawaumiza wengi. Kifaranga mweusi safi kabisa huzaliwa na malaika meupe au ya njano tumboni na mbawani. Hata manyoya yake ya kwanza yanaweza kuwa na ncha nyeupe. Anapobadilisha manyoya kuelekea ukubwani, ndipo weusi wenyewe unashuka. Usimhukumu kabla ya miezi mitano au sita. Akiwa mkubwa mtoe juani asubuhi. Mweusi mzuri anang'aa kijani kama mgongo wa mbawakawa. Akibaki na ncha nyeupe baada ya hapo, huyo ni kanga, na kanga inajificha: ukitaka ionekane tena lazima itoke kwa baba na mama.

MTU WA MABOKWENI

Na kidimu, wale wenye manyoya yaliyopinda kurudi nyuma? Nimepandisha kidimu kwa kidimu, wengine wametoka uchi karibu kabisa.

MFUGAJI WA PONGWE

Kidimu usimpandishe na kidimu mwenzake. Robo ya watoto wanapata dozi mbili, manyoya yao ni membamba na yanakatika, mvua ya masika inawamaliza. Mpandishe na kuku wa manyoya ya kawaida, nusu watakuwa kidimu wazuri.

Kishingo, yule wa shingo isiyo na manyoya, yeye hana shida hiyo. Mwenye dozi moja ana kishada cha manyoya mbele ya shingo, mwenye mbili ni uchi mtupu. Na kwa joto letu la kaskazi, kishingo anahema kidogo kuliko wenzake. Namheshimu sana.

MZEE WA MKONGE, KOROGWE

Swali langu la mwisho. Nikibadilisha jogoo leo, mayai ya kesho ni ya nani?

MFUGAJI WA PONGWE

Ya jogoo wa zamani, mzee wangu, au huwezi kuapa. Mbegu hukaa ndani ya tetea wiki mbili, wakati mwingine tatu. Mimi huwatenga matetea wiki tatu kamili bila jogoo, mayai yote ya siku hizo tunakula. Baada ya hapo ndipo naingiza jogoo mpya.

Na kila kifaranga natoboa utando wa kati ya vidole siku ya kwanza, kwa pini maalumu. Kila mguu una tando mbili; ukipanga kutoboa na kutotoboa unapata alama 16 tofauti. Halafu daftari. Baba, mama, tarehe, rangi ya malaika, rangi ya miezi sita. Daftari langu limelowa mafuta ya taa na nusu ya jalada limeliwa na panya, lakini singeliuza kwa jogoo yeyote.

PORA WA DUGA (wiki tatu baadaye)

Wakuu wametoka! Kati ya mayai 12, vifaranga 10. Wote weusi. Sita wana kijidoa utosini kama ulivyosema, wanne hawana. Nimewafunga nyuzi: wa kijidoa nyekundu, wasio nacho bluu.

MFUGAJI WA PONGWE

Mashaallah. Weka kumbukumbu, uturudishie majibu wakikua.

PORA WA DUGA (miezi mitatu baadaye)

Nimerudi, na nimeishiwa nguvu kidogo. Sita wa nyuzi nyekundu wote ni mapora wa milia, hakuna kosa. Lakini katika wanne wa bluu, watatu ni matetea na mmoja ni pora. Mweusi tii, upanga umeshasimama, jana amejaribu kuwika. Kwa hiyo kanuni ina makosa?

SHAMBANI MUHEZA

Labda kijidoa kilikuwa kidogo hukukiona.

PORA WA DUGA

Hapana, hana mlia hata mmoja mwilini. Nimemkagua unyoya kwa unyoya na tochi.

MFUGAJI WA PONGWE

Basi huyo si mtoto wa tetea wako wa milia.

Fikiri nami. Tetea wa milia hana namna ya kuzaa pora asiye na milia, awe baba ni nani. Z yake ni moja, na kila mtoto wa kiume anaichukua. Baba hawezi kuifuta. Kwa hiyo yai lile lilitoka kwa tetea mwingine. Nani mwingine alikuwa anaingia kwenye kile kiota kabla mama hajalala?

PORA WA DUGA (siku iliyofuata)

Nimeuliza nyumbani. Dada anasema tetea mweusi wa mama alikuwa akitagia pale pale jikoni, kwenye kikapu kile kile, akimaliza anatoka na mwenye milia anaingia. Na mama anakumbuka kabla ya kulaliwa kulikuwa na mayai yaliyokuwa meupe kuliko mengine. Mawili, au matatu.

MFUGAJI WA PONGWE

Sawa. Basi hata wale matetea watatu hatuwezi kuapa ni wa mama yupi. Usiwaweke kwenye mpango wa milia. Wale mapora sita ni wake, kwa hao una uhakika wote.

PORA WA DUGA

Nimeshamchagua mmoja, mrefu kuliko wenzake. Na yule tetea wa milia nimemjengea kibanda chake cha makuti, yeye na kuchi tu, na mlango una komeo. Leo asubuhi ametaga. Nimeandika tarehe juu ya yai kwa penseli.